Barua ya Wazi kwa Menejimenti ya Mgodi: Turudishieni Siku Zetu za Nyumbani

Kanda ya Ziwa, Oktoba 2024

Kwa Mkurugenzi wa Uendeshaji na Wajumbe wa Bodi,
Kampuni ya ukandarasi wa uchimbaji ninayoitumikia.

Nakala: Ofisi ya Kazi, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), Tume ya Madini, uongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi.

Ndugu Mkurugenzi na Wajumbe wa Bodi,

YAH: MZUNGUKO WA ZAMU WA SIKU 21 KWA 7 NA ATHARI ZAKE KWA USALAMA NA MAISHA YA NYUMBANI YA MAOPERETA WA DAMPA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni opereta wa dampa, yaani lori kubwa la kubebea mawe mgodini. Nimeendesha mashine hizi tangu mwaka 2002, yaani miaka 22 sasa, na kabla ya hapo nilikuwa dereva wa lori la pamba. Wengi wa rika langu walianza hivyo hivyo. Golden Pride ya Nzega ilipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 1998, kisha Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001 na North Mara 2002, migodi mikubwa ilihitaji watu waliozoea usukani, nasi tulitoka kwenye malori na mabasi tukafundishwa kuendesha mashine ambazo hatukuwahi kuziona hata kwenye picha. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu kazi hii siandiki kwa kusimuliwa.

Jina la kampuni silitaji. Ninyi mnaohusika mnajijua, na ninafahamu kwamba wapo maopereta wa migodi mingine watakaosoma barua hii wakadhani imeandikwa kwa ajili yao. Nimeandika kwenu mara tatu mwaka huu kwa njia ya kawaida: Machi kupitia msimamizi wangu wa zamu, Juni kupitia idara ya rasilimali watu, na Agosti moja kwa moja kwa ofisi ya Mkurugenzi, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu nililopata ni moja, nalo lilikuwa la mdomo, kwamba suala hilo "linafanyiwa kazi." Mzunguko wenyewe haujabadilika hata kwa siku moja, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Hadi Desemba mwaka jana tulifanya kazi siku 14 na kupumzika 7. Kuanzia Januari 2024 tulitangaziwa kwamba tutafanya kazi siku 21, zamu kumi za mchana na kumi na moja za usiku, kisha tupumzike siku zile zile 7. Tangazo lilibandikwa ubaoni siku ya Alhamisi na likaanza kutumika Jumatatu iliyofuata. Malalamiko yangu, ambayo ni ya wenzangu wengi pia, ni haya yafuatayo.

1. Saa zenyewe zinapita kipimo cha sheria.

Mimi si mwanasheria, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeandikwa kwa lugha ambayo mtu anayejua kuhesabu anaweza kuielewa. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na saa za ziada haziruhusiwi kuzidi 50 katika kila wiki nne. Kwa wiki nne, basi, mwisho wake ni saa 180 za kawaida na 50 za ziada, jumla 230. Zamu 21 za saa 12 ni saa 252. Mtaniambia nitoe saa ya chakula, na ninaitoa yote, ingawa kila aliyekaa kwenye piti, yaani shimo la uchimbaji, anajua kwamba ekskaveta, mashine inayotupakilia mawe, ikiwa inasubiri, chakula chetu huliwa kwa dakika ishirini. Zinabaki 231. Kisha kuna kikao cha usalama cha nusu saa kabla ya kila zamu, ambacho ni lazima na asiyehudhuria haruhusiwi kupanda mashine, lakini hakihesabiwi popote. Kwa siku 21 hicho peke yake ni saa kumi na nusu, na jumla inafika 241 na nusu.

Sheria hiyo hiyo inataka mfanyakazi apate saa 24 za mapumziko kila wiki. Ninajua kwamba kwenye karatasi mnayahesabu yale mapengo ya kugeuza zamu, tunapotoka mchana saa 12 jioni na kuingia usiku saa 12 jioni ya kesho yake, kuwa ndiyo mapumziko. Pengo hilo linakuja mara moja tu katika siku 21, na ndilo pengo ambalo mwili hauujui usingizi wake uko wapi. Sheria inaruhusu saa zibanwe katika siku chache au ziwianishwe kwa wiki kadhaa, nakubali. Lakini inaruhusu hayo kwa makubaliano ya maandishi, na tangazo la ubaoni si makubaliano.

2. Mapumziko kati ya zamu na zamu.

Sheria inasema saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kuingia tena. Sisi tunatoka saa 12 jioni na kikao cha kesho yake kinaanza saa 11 na nusu alfajiri, hivyo nusu saa imeshaibwa kabla hatujafika getini. Hatulali kambini, kambi ni ya wachache. Basi linanichukua kituoni saa 10 na robo alfajiri, maana yake naamka saa 9 na nusu usiku, na jioni linanishusha saa 1 na nusu. Nikioga, nikala na kuongea na mke wangu kwa simu, nalala saa 3 usiku. Hizo ni saa sita na nusu za usingizi kwa mtu ambaye hakuugua, hakutembelewa na mgeni na hakuwa na jambo lolote la kumkosesha usingizi.

Kwa zamu za usiku hali ni mbaya zaidi, kwa sababu nalala mchana katika chumba cha kupanga chenye paa la bati, na mashine ya kusaga ya jirani inaanza kuunguruma saa 2 asubuhi. Simlaumu jirani. Yeye naye yuko kazini.

3. Uchovu, na yaliyonipata mwezi Mei.

Jambo hili nataka mlisome polepole.

Dampa ninaloendesha ni la aina ya 777. Linabeba takriban tani 90 za mawe, na likijaa, uzito wake wote unapita tani 160. Tairi lake linanizidi kimo nikiwa nimesimama na mkono nimeunyoosha juu. Opereta anakaa ghorofani, na kuna sehemu kubwa ya ardhi kulizunguka ambayo haioni kabisa. Gari dogo likisimama hapo, kwake ni kama halipo. Mashine ya namna hiyo inahitaji mtu aliye macho. Hitaji la kwanza ni hilo, na mengine yote, kofia, viatu, redio ya upepo, fomu ya ukaguzi kabla ya zamu, yanakuja baada yake.

Usiku wa tisa wa zamu za usiku, mwezi Mei, nilikuwa napandisha mzigo kuelekea dampo la mawe yasiyo na dhahabu. Ilikuwa saa 10 kasoro alfajiri. Kila opereta anaujua muda huo, kati ya saa 9 na saa 11, ambapo taa za mashine iliyo mbele zinaanza kuwa kama zinaelea na barabara inakuwa ndefu kuliko ilivyo. Nilikuwa nimekunywa kahawa. Nilikuwa nimefungua kioo ili nipigwe na baridi. Sikumbuki kufumba macho. Ninachokumbuka ni usukani ukinitikisa mikono na upande wa kushoto wa mashine ukiinuka, kwa sababu tairi la mbele lilikuwa limeshaanza kukwea tuta la usalama, na upande wa pili wa tuta lile ni mteremko wa kurudi ndani ya piti. Nilikanyaga breki. Nilikaa pale nikiwa nimeshika usukani, nikasikia sauti kwenye redio ikiniuliza mbona nimesimama, na kwa muda sikuweza kujibu.

Tuta lile liliniokoa kwa sababu greda lilikuwa limelijenga kwa kimo kinachotakiwa. Ningependa aliyeliendesha usiku ule ajue hivyo.

Niliripoti mwenyewe. Hakuna aliyeniona, na ningeweza kurudi nyuma na kuendelea, lakini kwa miaka 22 nimewafundisha vijana kwamba tukio lisiloripotiwa linamsubiri mwenzako. Nilipewa barua ya onyo kwa "kushindwa kudhibiti uchovu binafsi." Katika mahojiano yote niliyofanyiwa hakuna aliyeniuliza nimelala saa ngapi, wala hakuna aliyeandika kwamba ulikuwa usiku wa tisa mfululizo na kwamba nilikuwa bado na usiku miwili mbele yangu. Tangu siku ile, vijana wawili wameniambia kwa nyakati tofauti kwamba wao yaliwapata kama yangu na hawataripoti. Onyo lile, kwa maoni yangu, limeugharimu mgodi huu zaidi ya tuta lililobomoka.

4. Mgongo, masikio na vipimo vyetu.

Kiti cha dampa kimetengenezwa kumeza mitikisiko, lakini kikichakaa kinagonga chini, na kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Barabara isipochongwa na boza la maji likichelewa, zamu nzima ni hivyo, na juu yake kuna vumbi la mawe ambalo sote tunajua linafanya nini kwenye mapafu. Nimeandika "kiti kibovu" kwenye fomu ya ukaguzi ya mashine moja mara saba. Ninaomba kiti hicho kitengenezwe. Ninaomba pia kila opereta apewe nakala ya majibu yake ya vipimo vya afya vya kila mwaka, usikivu na kifua vikiwemo, kwa sababu sasa tunapimwa na kuambiwa tu "uko fiti." Mtu akija kustaafu na kwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kudai kwamba masikio yake yaliharibiwa na kazi, ataonyesha nini?

5. Siku saba ambazo kwa kweli ni tano.

Najua kwamba katika ofisi nyingi hoja hii ndiyo itakayosomwa haraka na kuwekwa pembeni kama mambo binafsi. Kwangu ni nzito sawa na hoja ya kwanza.

Nyumbani kwangu ni Bukombe. Zamu ya mwisho ya usiku inaisha asubuhi, na siku hiyo ya kwanza ya mapumziko naitumia kulala na kusafiri, kama ambavyo siku ya saba naitumia kurudi. Zinabaki tano. Zamani, kwa siku 14 kazini, hizo tano zilitosha kwa sababu zilirudi mapema. Sasa nafika nyumbani nikiwa nimechoka kiasi kwamba siku mbili za kwanza niko pale kwa mwili tu, na ni siku ya tatu ndipo masikio yanaacha kuvuma. Nalijua hilo kwa kipimo changu mwenyewe: siku ya tatu ndiyo ninayoweza kusimama hatua kadhaa kutoka kwenye mzinga na kusikia nyuki.

Mimi ni mfugaji wa nyuki. Baba yangu alikuwa na mizinga ya magogo aliyoichonga kwa mninga, nami nilirithi michache, nikaongeza ya mbao ya kisasa niliyoitengeneza mwenyewe katika siku zangu za mapumziko, hadi ikafika 46. Asali hiyo imemlipia binti yangu masomo ya sekondari hadi akamaliza. Lakini hata isingelipa chochote ningeifuga, kwa sababu ni kazi ambayo naifanya kwa utulivu, kwa mikono yangu, chini ya miti, baada ya maisha ya kukaa juu ya injini. Miaka kumi iliyopita nilianza kuwafundisha vijana wanne wa kijijini kurina bila kuunguza masega wala kuua nyuki, na wawili kati yao sasa wana mizinga yao.

Nyuki wana majira yao. Mavuno makubwa kwetu ni Juni na Julai, na kabla ya hapo mizinga lazima ikaguliwe, siafu wazuiwe, nondo wa nta waangaliwe, na ile iliyoning'inia chini ipandishwe nyegere wasiifikie. Mzinga ukiachwa mwezi mzima bila kuangaliwa wakati huo, unaweza kuukuta mtupu. Niliomba likizo yangu ya mwaka ianze katikati ya Juni. Sheria inanipa siku 28, na niliiomba tangu Februari. Ilikataliwa wiki moja kabla, kwa maelezo kwamba idadi ya maopereta haitoshi. Niliporudi Julai kwa zile siku tano, mizinga 17 kati ya 46 ilikuwa imehamwa.

Siwadai asali. Nimelieleza kwa sababu mnapopanga ratiba mnaandika "mapumziko" kana kwamba ni nafasi tupu isiyo na kitu ndani yake. Ndani yake mna mizinga. Kwa mwenzangu mmoja mna shamba la mpunga, kwa mwingine mna mama mgonjwa, na kwa kijana mmoja wa zamu yetu mna mtoto wa miezi minane ambaye bado anamlilia baba yake kama mgeni. Kwenye kwaya ya parokia nilikuwa naimba besi, na sasa mwalimu wa kwaya amempa nafasi yangu mtu mwingine, naye hakukosea.

Tena nina miaka 54. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55 na kwa lazima ni 60. Tuliona mgodi wa Buzwagi ulipofikia mwisho wake mwaka 2021 jinsi watu waliokuwa hawajaandaa lolote nje ya mgodi walivyohangaika. Mtu aliyejijengea kazi ya nyumbani akiwa bado ana mshahara hatakuwa mzigo kwa yeyote. Mzunguko huu unatunyang'anya muda wa kujiandaa katika miaka ile ile tunayouhitaji zaidi.

Ndugu Mkurugenzi, naomba niyajibu mapema baadhi ya majibu ambayo tumeshayasikia.

Mnasema gharama za uendeshaji zimepanda na kila saa ambayo mashine imesimama ni hasara. Ni kweli, na hakuna opereta asiyejua bei ya mafuta ya mashine yake. Lakini mashine haisimami sisi tukiwa nyumbani, anapanda mwingine. Kilichofanyika Januari ni kupunguza vikosi vya zamu na kuwagawia waliobaki saa za waliopunguzwa. Hiyo ni akiba inayotoka kwenye usingizi wetu.

Mnasema mmefunga kamera za kutambua uchovu, zinazoangalia macho ya opereta na kutikisa kiti akisinzia. Nazishukuru, na zibaki. Ila kamera inamtambua mtu ambaye tayari amefumba macho. Dampa tupu likishuka kwa kilomita 40 kwa saa linapita mita 11 katika sekunde moja. Na kamera ikishalia, msimamizi anamwambia opereta ashuke anywe maji kwa dakika kumi, kisha apande tena. Dakika kumi hazirudishi usingizi wa siku tisa.

Mnasema tulisaini. Tulipewa karatasi ya kurasa mbili asubuhi tukiwa kwenye foleni ya basi, tukaambiwa asiyesaini kadi yake ya getini haitasoma. Na hata kama tungesaini kwa hiari, kiwango cha chini cha sheria hakishushwi kwa saini ya mfanyakazi.

Na lipo jibu ambalo haliandikwi lakini husemwa, kwamba nje ya geti kuna vijana wengi wanaoitaka kazi hii. Wapo, na wengine ni watoto wetu. Ninawaombea waipate. Ninaomba tu waipate ikiwa ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa miaka 22 akabaki mzima.

Kwa hayo yote, tunaomba mzunguko wa siku 14 kwa 7 urudishwe ifikapo Januari 2025, na mabadiliko yoyote ya baadaye yapitie mezani pamoja na chama cha wafanyakazi, kwa maandishi. Wakati tukisubiri hilo, usiku mfululizo usizidi saba, na hili linaweza kuanza hata wiki ijayo kwa sababu halihitaji mashine mpya wala mtu mpya. Kikao cha usalama kihesabiwe kuwa sehemu ya zamu na kilipwe. Anayeripoti mwenyewe kwamba amesinzia asipewe onyo, na onyo langu la Mei pamoja na ya wengine wa namna hiyo yaondolewe kwenye majalada yetu. Likizo ikishaidhinishwa isifutwe bila sababu ya maandishi na tarehe mbadala ambayo mfanyakazi ameikubali. Kuhusu viti na nakala za vipimo nimeshasema.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Tusipoyapata, tutalipeleka suala hili Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na tutalipeleka kwa heshima ile ile.

Zamu zangu zijazo za mchana zinaanza tarehe 4 Novemba na za usiku tarehe 14. Kama mtaona vema kutuita kwenye kikao, niko tayari siku yoyote kati ya hizo, hata nikitoka usiku. Ninaloomba ni kwamba kikao hicho kisipangwe kuanzia tarehe 25 hadi mwisho wa mwezi, kwa kuwa siku hizo nitakuwa Bukombe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Opereta wa dampa, miaka 22 kazini
(Jina na namba ya kazi vipo kwenye barua zangu za Machi, Juni na Agosti.)